Bunduki Moja, Mafundi Kijiji Kizima

Kijiji cha Nkome hakijawahi kukosa fundi. Mota ya mtumbwi ikizimika ziwani, walioko mwaloni wanaujua ugonjwa wake kabla mtumbwi haujavutwa ufukweni. Karasha ikigoma machimboni, mpita njia atasimama, atatega sikio, atatikisa kichwa, kisha atatoa hukumu bila kuombwa. Sasa chukua watu wa namna hiyo, wape mafunzo ya mgambo, halafu waletee bunduki isiyotaka kufanya kazi. Utagundua kwamba risasi huisha, ushauri hauishi.

Kuruta tulikuwa wa kila aina: wavuvi wa sangara na dagaa, vijana waliochoka kushuka duarani, waendesha bodaboda, akina dada wauza mitumba, na mimi ambaye silaha yangu ni kalamu. Wengi walikuwa na hesabu moja kichwani: ukimaliza mgambo unaweza kupata kazi ya ulinzi, na mkoa wenye dhahabu hauishiwi vitu vya kulinda. Kwa hiyo tulivumilia mchakamchaka wa alfajiri, kwata la juani, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, na kutembea na bunduki za mbao kwa heshima zote. Bunduki ya mbao ina sifa moja kubwa: haikwami.

Siku ya shabaha ikaletwa ya kweli. SAR. Jina hilo analijua kila anayesikiliza taarifa za polisi redioni. Kwa ukoo ni SKS, iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov mwaka 1945, na Wachina wakaanza kuitengeneza mwaka 1956 kwa jina la Type 56. Magazini yake haichomolewi kila mara. Inalishwa kwa juu, risasi 10 zikiwa zimepangwa kwenye kibanio. Ya kwetu, tuliambiwa, ilikuwa haijapigwa hata risasi moja tangu itoke kiwandani. Ilivuliwa karatasi ya mafuta mbele yetu, inang'aa, ingawa kwa umri ingeweza kumwita afande mjukuu.

Kuruta wa kwanza akalala chini, akalenga, akafyatua. Paa! Tukasubiri ya pili. Haikuja. Ganda tupu lilikuwa limebanwa mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Akaambiwa avute mkono wa koki, ganda likadondoka, akafyatua tena. Paa! Ganda likabanwa palepale. Bunduki iliyosifiwa kwamba inajipakia yenyewe sasa ilikuwa inapakiwa na kuruta, naye jasho linamtoka.

"Acha kufyatua! Mtutu mbele! Kidole nje!" Afande alifoka, wote tukaganda. Risasi zikatolewa, chemba ikakaguliwa kwa jicho na kwa kidole. Ilipothibitika kuwa bunduki ni tupu, afande akauliza swali ambalo Nkome haliulizwi hadharani:

"Nani anajua tatizo?"

Mikono yote ikanyooka.

Mvuvi akawa wa kwanza. "Afande, hii imekunywa mafuta. Toa plagi, ifute, irudishe, vuta kamba."

"Plagi iko wapi humu?"

"Tafuta tu, afande. Haiwezi kukosa."

Mchimbaji akamkatiza. Kwa maoni yake springi ilikuwa imechoka, na dawa ya springi iliyochoka ni mpira wa tairi: unaukata mwembamba, unaufunga kwa nyuma, unavuta, kazi inaendelea. Huko duarani, alisema, hakuna kitu ambacho mpira wa tairi umewahi kushindwa. Kijana wa bodaboda akadai chombo kipya lazima kifanyiwe sevisi ya kwanza, akauliza ni oili ya aina gani inayotumika na kama kuna anayeijua lita yake. Dada mmoja wa mitumba alikuwa na neno fupi zaidi: "Irudishwe. Hata mimi nikikuta nguo mbovu kwenye belo, naipeleka ilikotoka."

Mzee mmoja aliyekuwa anapita na ng'ombe wake naye akasimama. "Mwangaluka," akasalimia, tukaitikia. Akasema alikuwa mgambo wakati wa Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bunduki hizi hizi waliziona, na hazikuwa zinakwama. Basi tatizo ni nini, mzee? Akatutazama kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho. "Ninyi," akasema, akaswaga ng'ombe wake.

Afande aliwasikiliza wote, kisha akakaa chini, akatandika turubai na kuifungua bunduki kipande kwa kipande. Risasi inapolipuka, alisema, moshi wenye nguvu unaisukuma kupita kwenye mtutu. Kabla haijatoka, sehemu ya moshi huo inapenya kwenye tundu dogo lililo juu ya mtutu na kuipiga pistoni. Pistoni inairudisha bolti nyuma, kulabu inalivuta ganda, ganda linarushwa nje, springi inairudisha bolti mbele, nayo inapita na risasi nyingine. Bolti isipofika nyuma kabisa, ganda halipati nafasi ya kutoka.

Akaichomoa pistoni. Ilitoka kwa kung'ang'ania, imevikwa grisi ya ghalani, ya kahawia, iliyokauka kama ugali wa jana. Ndani ya bomba lake mlikuwa vivyo hivyo. Kisha akaishika bolti na kuitikisa karibu na sikio lake. Kimya. Akaitikisa karibu na masikio yetu, mmoja mmoja. Kimya.

"Hii inatakiwa ilie," akasema. "Humu ndani kuna pini ya kupigia, haishikiliwi na kitu. Grisi ikiigandisha kwa mbele, bolti ikijifunga tu inaigonga fataki, na bunduki inapiga bila kuguswa. Inaweza kuendelea hivyo mpaka magazini iishe."

Mtu wa mpira wa tairi alirudi hatua mbili nyuma. Wa bodaboda hakuuliza tena habari za oili.

Yakahitajika maji ya moto. Karibu na uwanja palikuwa na mama ntilie, naye aliombwa maji na sufuria kwa lugha ya heshima isiyotaja matumizi. Alipokuja kuchungulia akakuta bolti, pistoni na springi vinachemka kwa sabuni ndani ya sufuria anayopikia sato, grisi imeelea juu. Afande, aliyetutisha kwa muda wote wa mafunzo, alisimama wima mbele ya yule mama na kusemwa bila kujibu.

Vyuma vikasuguliwa kwa mafuta ya taa na kufutwa kwa fulana kuukuu ya kampeni. Kitako nacho kiliwekwa juani kikaanza kutoa grisi kwenye mbao, kinafutwa, kinatoa tena. Bolti ikatikiswa: ka, ka, ka. Tukapiga makofi. Ikapakwa mafuta mepesi, lakini pistoni na bomba lake vikaachwa vikavu, kwa sababu mafuta pale huungua na kuleta uchafu upya.

Ikarudi kwenye shabaha. Paa! Paa! Paa! Maganda yakaruka moja baada ya jingine mpaka risasi ya kumi. Baada ya hapo bolti ikabaki nyuma, mdomo wazi.

"Imekwama tena!" mvuvi akapaza sauti. "Nilisema plagi!" Mchimbaji akaanza kutafuta mpira. Afande akafumba macho, akavuta pumzi, akaeleza kwamba SAR imeundwa hivyo: magazini ikiwa tupu, bolti inabaki nyuma ili mpigaji ajue risasi zimekwisha. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuiona ikifanya kazi sawasawa, na tulikuwa tayari kuitibu.

Mama ntilie alichangiwa, akanunua sufuria nyingine. Nawe msomaji, ukipewa chombo kipya, kiwe mota, karasha au bunduki ya lindo, kisafishe kabla ya kukituhumu. Anza na uchafu, uje kwenye risasi au mafuta, springi iwe ya mwisho, na mpira wa tairi ubaki kwenye tairi. Ikiwa ni bunduki, mtutu uelekee kwenye shabaha, kidole kiwe nje, risasi zitolewe, ndipo mjadala uanze.