Huku Madrid Joto Hufanywa

Shangazi, shikamoo. Na nyote mliokaa barazani hapo Ngamiani mnaosomewa barua hii, salaam.

Mimi mzima. Mliniuliza kwenye simu kama Kihispania kimeshaingia. Kimeingia cha hali ya hewa tu, na kwa kuishi na majirani kinatosha. Hapa hakuna cha umeamkaje, watoto hawajambo, za tangu juzi. Unaingia kwenye lifti na mzee wa ghorofa ya tano, anakodolea macho namba zinavyopanda, anashusha pumzi, anasema: "¡Qué calor!" Nawe unaitikia: "Mucho calor." Mlango ukifunguka anakuaga kama mliolelewa pamoja. Salamu ndiyo hiyo, na asiyeitikia huonekana ana kiburi.

Tatizo ni darasani. Kwetu jua linawaka, upepo unavuma, mvua inanyesha, kila mmoja na kazi yake. Hawa joto lao hufanywa: "hace calor", inafanya joto. "Hace frío", inafanya baridi. Jua na upepo vilevile: "hace sol", "hace viento". Mwanafunzi mwenzetu mmoja, mzee wa Kisenegali, akanyoosha mkono kuuliza ni nani anayefanya. Mwalimu akasema hakuna, ndivyo lugha ilivyo. Mzee akaitikia kwa adabu, kisha nikamwona pembeni mwa daftari anaandika "Allah" kwa herufi za Kiarabu. Mimi naona somo alilimaliza yeye.

Mvua haifanywi, ni "llueve" basi, na theluji ni "nieva". Wingu likitanda ni "está nublado". Ukungu ndio umenifurahisha: "hay niebla", kuna ukungu, kama asemavyo mtu wa Lushoto.

Ama joto la mwilini, hilo ni mali yako: "tengo calor", nina joto. Kijana mmoja alijitungia lake akamwambia mwalimu "estoy caliente". Shangazi, hapa msomaji aruke mstari, kwani hayo ni maneno ya chumbani. Mwalimu alifungua dirisha, akaendelea na somo.

Na joto lenyewe lipo, msidhani ni maneno tu. Agosti 14, 2021, kituo cha La Rambla, mkoani Córdoba, kilipima nyuzijoto 47.6. Sisi watu wa pwani hujidai tunalijua joto, kumbe tunalijua la jasho. Madrid iko kama mita 650 juu ya bahari, na bahari yenyewe iko mbali; joto lake ni kavu, jasho linakauka kabla hujalifuta. Mchana watu hufunga madirisha na kukaa gizani.

Kuna siku mbingu hugeuka rangi ya udongo na magari yote yakaonekana yametoka safari ya vumbi. Hiyo ni "calima", vumbi la Sahara linalopeperushwa mpaka huku. Majirani hulalamika. Mimi huwa nanyamaza kwa heshima: mchanga wa Afrika umeingia Ulaya bila viza wala kuulizwa taarifa ya benki!

Sasa nasikia binamu anataka kuja kunitembelea, eti atabeba fulana mbili tu kwa kuwa Hispania ni nchi ya jua. Mwambieni wenyewe wana msemo, "hasta el cuarenta de mayo no te quites el sayo", yaani usivue koti mpaka Mei 40. Ndiyo, 40. Ukihesabu unaangukia Juni 9. Basi akate tiketi ya siku zinazofuata hapo, wala asisogeze mpaka Julai, maana Julai hapa inafanya kweli kweli.

Na visheti asisahau.