Mafundi Saba na Kadi Moja

Shangazi yangu wa Maskati alipiga simu kusema mjukuu wake anaolewa, na safari hii hataki kusikia habari ya ada za shule wala paa linalovuja. Tiketi atakata yeye. Kazi yangu mimi ni kuvaa kanzu na kufika.

Nilipokata simu nilipanda juu ya kiti nikashusha kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Humo zimelala dola zangu mia tatu, noti tatu za mia mia, nilizopewa na baharia mmoja zamani nilipokuwa karani kijana bandarini Tanga. Nilizitunza kama watu wazima wanavyotunza sanda: unajua ipo, na huna hamu ya kuigusa.

Nikazipeleka kwenye duka la kubadilisha fedha. Binti wa dirishani akaiinua moja kwenye mwanga, akaigeuza, akairudisha kwa ncha za vidole kama mtu anayerudisha samaki wa jana.

"Baba, hizi ni za kichwa kidogo. Hatupokei."

Wenye uzoefu wanajua ugonjwa huu. Noti ya dola mia ina picha ya Benjamin Franklin, na mwaka 1996 Wamarekani walimkuza kichwa ili kuwakomoa wenye kughushi. Wenyewe wanasema za zamani bado ni fedha halali. Hilo waambie wao. Huku kwetu mwenye kichwa kidogo hana pa kwenda. Nilimwambia binti kwamba mtu ni yule yule, akili zilizokuwamo humo hazikuongezeka. Akaniomba nimpishe anayefuata.

Mpwa wangu, ambaye ana jibu la kila kitu isipokuwa "utaoa lini," akanicheka. "Mjomba, nani anabeba manoti siku hizi? Kachukue kadi ya dola. Unaweka shilingi zako, benki inazigeuza dola, halafu kadi inakula dunia nzima." Akanionya jambo moja tu: nikiwa ng'ambo, mashine ikiuliza nilipe kwa fedha ya nchi ile au kwa dola, nichague fedha ya nchi ile, maana nikichagua dola watanibadilishia wao kwa bei wanayoijua wao. Nililikariri hilo kama dua ya safari. Swali lenyewe sijaulizwa mpaka leo.

Benki nilikwenda mara nne. Mara ya kwanza nilikosa barua ya serikali ya mtaa. Mara ya pili nilikuwa na barua, mhuri ukawa umekaa nje ya sahihi. Mara ya tatu ikagundulika kwamba jina la babu yangu lina m mbili kwenye pasi na m moja kwenye kitambulisho cha NIDA. Kitambulisho kina tarakimu 20, na zote zilikuwa sawasawa, lakini m ile moja ikanirudisha nyumbani. Afisa akaniuliza ipi ndiyo sahihi. Nikamwambia babu hakujua kuandika, alikuwa akiitika tu.

Mara ya nne nikapata. Kabla ya hapo niliulizwa fedha zangu zinatoka wapi, swali ambalo mke wangu ameniuliza miaka mingi bila kuridhika na jibu. Nikawekewa dola 400, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini ubao wa benki una safu mbili, ya kununua na ya kuuza: daima wewe umesimama kwenye ile mbaya. Mwaka 1966, shilingi yetu ilipozaliwa, dola moja ilikuwa shilingi saba na senti kidogo. Nilimtajia yule kijana wa dirishani. Akatabasamu kwa heshima, kama unavyomtabasamia mzee anayekusimulia bei ya sukari ya enzi zake.

Kisha ikaja namba ya siri. Nikaambiwa nichague tarakimu nne mwenyewe: zisiwe mwaka wa kuzaliwa, zisiwe rahisi, nisizisahau, na nisiziandike popote. Kwa umri wangu hizo ni amri mbili za kwanza zinazopigana na mbili za mwisho. John Shepherd-Barron, anayetajwa kuwa ndiye aliyebuni ile mashine ya kutolea fedha iliyofunguliwa London mwaka 1967, alisimulia kwamba alitaka tarakimu sita, mkewe Caroline akamwambia yeye anaweza kukumbuka nne tu, zikawa nne. Mungu ambariki bibi yule. Angekuwa mke wangu, ambaye anakumbuka deni la unga la mwaka 1998 na aliyeshuhudia, leo tungekuwa tunabofya kumi na mbili.

Mimi nikafanya ujanja. Nikafungua simu, nikaandika jina la fundi asiyekuwapo duniani, nikambunia namba ya simu, na tarakimu nne za mwisho zikawa ndiyo siri yangu. Mwizi hata akiichukua simu, ataona fundi tu. Nililala usingizi mzuri sana usiku ule.

Maskati ni mji mweupe, safi, na wenye hesabu za ajabu. Nilikwenda na dola nikijiona mtu, nikakuta dola ndiyo ndugu maskini: riali moja ya Omani ni dola mbili na senti 60, na imekaa hapo hapo tangu mwaka 1986, haipandi wala haishuki. Tena riali moja ina baisa 1,000, kwa hiyo bei huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Haya nimeyajua baadaye.

Siku ya pili niliingia soko la Mutrah, ule uchochoro wenye harufu ya ubani wa Dhofar kuanzia mlangoni, nikaona chetezo kizuri cha rangi ya dhahabu. Kibandiko kinasema 12.500. Nikajiambia, elfu kumi na mbili na mia tano! Tanga kwenyewe hukipati kwa bei hiyo. Nikasema nipe vinne: cha mke wangu, cha dada, cha mama mkwe, na kimoja cha jirani ambaye ningemtilia ubani apunguze maneno. Muuzaji, mzee mwenye kilemba na ndevu nyeupe, akavifunga haraka kuliko nilivyotarajia. Riali 50. Dola 130. Kwa shilingi piga mwenyewe, mimi sina moyo.

Lakini aibu ilikwishanitangulia, ningerudishaje? Nikatoa kadi. Mzee akaichomeka. Mashine ikafikiri kidogo, ikatoa kikaratasi kirefu cha kukataa.

Binamu yangu akanipa simu yake nikapiga benki nyumbani. Baada ya muziki mrefu, dada mmoja mwenye sauti ya asali akaniambia, "Kadi yako haijafunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi, baba."

"Si ndiyo ya kimataifa?"

"Ndiyo, ni ya kimataifa. Ila haijafunguliwa nje."

Yaani uuziwe jahazi, halafu uambiwe kulitia majini kunahitaji ombi lake peke yake. Akataka kuhakikisha kwamba mimi ni mimi. Akauliza jina la mama yangu. Mtandao ulikuwa mbovu, ikabidi nilitaje mara tatu kwa sauti, nikaongeza na "marehemu" ili aelewe ni nani. Mutrah hiyo, nusu ya wazee wa uchochoro ule wanajua Kiswahili: watu wanne wakasimama wakamrehemu mama yangu, mmoja akauliza amefariki lini, akanipa pole ya miaka kumi na saba.

Kadi ikafunguliwa. Mzee akaichomeka tena. Mashine ikaomba namba ya siri.

Nikafungua simu kwa kujiamini kabisa, nikaandika "fundi." Wakatokea saba. Fundi Umeme, Fundi Friji, Fundi Bomba, Fundi Kochi, Fundi Jenereta, Fundi Rangi, Fundi Pikipiki. Saba, na mmoja wao nimemzaa mimi mwenyewe.

Nikawaza kwa utaratibu. Jenereta sina, basi huyo ndiye. Nikabofya. Siye, nikakumbuka, nimechelewa, kwamba huyo alikuja kwenye arusi ya dada. Pikipiki niliiuza zamani, basi ni yeye. Siye. Nyuma yangu foleni imeshika adabu ya watu wanaotaka kucheka. Fundi Bomba nikamruka bila hata kumtazama, maana bomba la uani kwangu linavuja mwaka mzima na fundi wake lazima awe mtu wa kweli. Nikabaki na Kochi. Mara ya tatu mashine ikalia kwa sauti nyingine, na kadi ikafungwa.

Mzee hakusema kitu. Kwenye kabati la kioo mbele yake alikuwa amepanga reale za fedha, zile za malkia Maria Theresa, kila moja imeandikwa 1780, mwaka aliofariki, hata zile zilizochapwa miaka mingi baada yake. Bibi yangu alikuwa na moja ndani ya sanduku lake. Zilitembea Unguja, zikatembea huku mpaka Omani ilipotoa riali yake mwaka 1970, na popote zilipofika waliuliza uzito tu. Nilizitazama muda mrefu kidogo. Nadhani mzee alidhani nataka kununua, maana alishtuka.

"Kwenu wapi, mwanangu?" akauliza, kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe ambacho hata Mji Mkongwe kinaanza kupotea.

"Tanga."

"Hapa umefikia kwa nani?"

Nikamtaja shangazi. Akausukuma mfuko wa vyetezo upande wangu.

"Chukua. Nitamwona Ijumaa."

Shangazi alilipa. Kuhusu maneno aliyoniambia kabla ya kulipa, arusi ilikuwa nzuri.

Dola zangu 400 zikavuka bahari kwenda, zikavuka kurudi, bila kukanyaga chini. Nilifika nyumbani usiku, nikamkuta mke wangu ameweka ndoo uani chini ya bomba, amekunja uso.

"Huyu Fundi Bomba wako wa kwenye simu, niliandika namba yake kabla hujaondoka. Wiki nzima nampigia. Wanasema namba hiyo haipo."

Nikaliweka begi chini taratibu.

"Hebu nisomee," nikamwambia, "zile nne za mwisho."