Risiti Inayonung'unika

Mwongozo wa Perl, lugha ya kompyuta aliyoitoa Mmarekani Larry Wall mwaka 1987, una sehemu ya kutaja kasoro zake mwenyewe. Mojawapo ni hii: swichi ya -w, ile ya kuwasha maonyo, si ya lazima. Anayedhani huo ni mzaha tu hajafanya kazi kwenye nyumba ya wageni Shangani, Unguja.

Risiti zetu hutolewa na programu ya Perl. Fundi aliiwashia -w, kisha kila inachosema akakipeleka kwenye printa ya mapokezi. Basi mgeni asiyeacha nambari ya simu akawa anapewa risiti inayoanza kwa kulalamika kwamba mstari wa 41 unatumia kitu kisicho na thamani. Mama mmoja wa Kiingereza aliisoma, akauliza kwa upole kama anayesemwa ni yeye. Tena -w haina mipaka: hulaumu hata moduli za kuazima, kazi ya watu wasiojua Shangani iko wapi.

"Zizime kelele hizo, mwanangu," akasema Bi Mkubwa, mwenye nyumba. Fundi akaiondoa -w, akaandika no warnings. Printa ikafunga mdomo.

(Mwaka 2008 Unguja ilikosa umeme karibu mwezi mzima. Hilo lilikuwa onyo. Disemba 2009 umeme ukakatika tena, tukakaa gizani miezi mitatu. Nasema tu.)

Mpwa wa Bi Mkubwa, aliyekuwa mapokezi, alipotakiwa kujaza idadi ya siku akaandika "saba", kwa herufi. Perl ni muungwana kupita kiasi. Ukiiandikia "7 usiku", huchukua 7 na kuacha mengine. Ukiiandikia "saba", huhesabu sifuri na kuendelea kuzidisha. Onyo lingekuwa macho lingesema hiyo si nambari. Risiti ikatoka safi: siku saba, jumla sifuri. Mgeni akaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba ukarimu wa Wazanzibari hauna mfano, akapanda boti ya Dar es Salaam.

Fundi akarudi na use warnings, iliyokuja na Perl 5.6 mwaka 2000. Hii huonya ndani ya faili au mabano yake tu, na unaweza kuzima onyo la aina moja, kama lile la simu, ukaliacha la nambari. Malalamiko sasa huandikwa kwenye faili la pembeni.

Bi Mkubwa akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kitu hicho chaweza kutiwa kwa mpwa wake.

"Chaweza, Bi Mkubwa. Ila tusimtie -w. Ataanza kusemwa yeye, amalizie mtaa mzima."