Pikapu Ikimisi, Okoa Jina Lako Kwanza

Umetoka Rodi Kopany na Peugeot 504 yako. Nyuma kuna magunia ya mahindi, mbuzi wawili na mama wa kanisa aliyekataa kukaa mbele. Kabla hujafika Ndhiwa injini inaanza kukohoa. Tulia, omera. Injini inaweza kungoja. Jina lako haliwezi.

Hatua ya kwanza: ongeza redio. Muziki wa ohangla ukikolea, silinda iliyogoma haisikiki. Abiria akiuliza mbona gari linatetemeka, mwambie unaokoa mafuta, kwa kuwa silinda tatu hunywa kidogo kuliko nne. Si kweli. Ile ya nne inakunywa vilevile, ila petroli yake inatokea ekzosi bila kuungua. Lakini nani atainama kunusa?

Hatua ya pili: laumu petroli. Sema wameichanganya na mafuta ya taa. Raha ya shtaka hili ni kwamba lina historia: uchakachuaji ulizidi hadi mwaka 2018 serikali ikatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei zikaribiane na wachanganyaji wakose faida. Mjuaji akikukumbusha hilo, tikisa kichwa na useme, "Hiyo ni Nairobi." Kituo usikitaje. Ukichunguza sana, mwenye kituo ni shemeji yako.

Hatua ya tatu ni boneti, maana sasa gari limesimama kando ya miwa na vijana wa boda boda wameshafika. Usiifungue haraka. Kunja mikono ya shati. Tazama mbali. Wakumbushe kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia 1978. Usitaje kwamba ile ya 1978 ilikuwa kupe ya V6, ambayo undugu wake na pikapu yako ni jina na yule simba wa nembo.

Kisha uliza kwa upole: silinda ya kwanza ni ipi?

Aliyejifunza kwa Toyota ataonyesha ya mbele, karibu na feni. Aliyelelewa na Peugeot atamcheka, kwa sababu Peugeot huhesabu kutoka nyuma, upande wa flaiwili. Waache wapandishane. Wewe unajua siri: silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na hata ukianza kuhesabu upande wa pili unapata mzunguko uleule. Kwa hiyo kila upande una haki yake, na wewe ndiye hakimu. Nimeona mjadala huu ukila saa nzima bila spana kutoka kwenye boksi.

Sasa jihadhari na jaduong' mmoja, mzee aliyenyamaza pembeni. Huyo ndiye atakayekuharibia. Atasema, "Wuoda, acha injini iendelee kunguruma, uchomoe waya za plagi mmoja mmoja." Ukichomoa na injini ikazidi kulegea, silinda hiyo ilikuwa kazini. Ukichomoa na kusitokee badiliko lolote, mvivu umemshika. Badilishana plagi yake na ya jirani: uvivu ukihama, plagi imekufa, usipohama, kagua waya na kifuniko cha distribyuta, ambacho baada ya kupita dimbwi huingia unyevu, na dawa yake ni kitambaa kikavu.

Dakika kumi, gharama ya plagi moja, au bure kabisa. Umeiona hatari? Ponya gari kwa kitambaa mbele ya umati ambao umeshausimulia Safari Rally, uone utapitaje tena sokoni.

Mzee hafukuzwi, wala hatumwi maji. Mpe kiti cha mbele na soda baridi. Akishatulia, zima injini (waya hizo hupiga), inama kana kwamba umeangusha ufunguo, pangusa kifuniko ndani na nje kwa leso, rudisha, washa. Ikinguruma sawasawa, inuka taratibu na utamke, "Ilikuwa taiming." Barabarani hakuna aliyewahi kulipinga neno hilo.

Na kama plagi ni nzima, waya mzima, kifuniko kikavu, na bado inamisi? Basi huenda ni valvu iliyoungua au gasketi ya hedi, na tiba nafuu ni kuuza. Iwashe alfajiri na uizungushe mpaka ipate moto, kwa sababu ikiwa baridi ndipo inapokohoa zaidi. Mnunuzi mjanja ataweka kiganja kwenye boneti kabla hata ya salamu, ajue kama umeiamsha mapema. Ukiona mkono unanyooka, anza kulalamikia jua la Ndhiwa, na uwe umeegesha mbali na mti.