Ghala la Panya Buku

Hapo kale, si kale sana, mabasi ya mikoani yalipokuwa bado yakilala Ubungo, kabla ya kuhamia Mbezi Luis mwaka 2021, Panya Buku alifungua ghala la mizigo kando ya stendi. Wapangaji walikuwa koo nyingi, wote chini ya bati moja.

"Majina andikeni wenyewe," aliwaambia. "Mteja ni mfalme."

Mbuni akaleta boksi, akaandika ANKARA. Kesho yake Kanga akaleta lake, naye akaandika ANKARA. Kwa Buku jina moja ni mzigo mmoja, basi la Mbuni likaenda jalalani, la Kanga likakaa mahali pake. Fisi akawazidi wote. Juu ya boksi lake aliandika: "Toka hapa, rudi nyuma, ingia chumba cha Swala." Buku, mtiifu kwa maandishi, akalipeleka hukohuko. Jioni Fisi akaja kuliangalia.

"Basi ni namba tu," Buku akaamua.

Tumbili akapewa lebo ya 41. Hakukaa sana, akarudi dirishani na kipande cha boksi alichokichora mwenyewe. "Nimefuata 42." Akapewa. Kesho yake akafuata 43.

Buku akatunga lebo ndefu, herufi za kubahatisha zisizokisika. Usiku huo alilala fofofo. Asubuhi Kunguru akaja na lebo aliyoiokota matopeni, sahihi herufi kwa herufi, akaondoka na mchele wa Sungura.

Popo, aliyekuwa akining'inia darini muda wote, akaangua kicheko. "Buku, lebo umebadilisha mara mbili. Aliye dirishani umemuuliza mara ngapi yeye ni nani?"

Siku hiyo likanunuliwa daftari. Lebo ikabaki ya kubahatisha, isigongane na nyingine. Jina alilolipenda mteja likahamia daftarini. Akilibadilisha, mzigo hausogezwi. Kando ya jina ukaandikwa ukoo wa mwenye mali. Anayekuja huulizwa kwanza u nani, ndipo lebo.

Siku hizi wajukuu wa Buku wanaandika programu pale Sinza: kampuni kumi, seva moja, na kila kampuni ina faili liitwalo ankara. Juzi mmoja aliuliza kikaoni, "Hivi tukiweka namba tu, si itatosha?"

Mteja mpya aliyejiandikisha jana alipiga makofi. Alikuwa na mkia mrefu.