Kistari Kinachojidai Kutoa

Anayetaka kunichokoza siku hizi asihangaike kunitukana. Aniletee tu mtihani wa hisabati niuchape. Barua za kuomba kazi, kadi za mchango wa harusi, katiba za vikoba, hizo nazichapa huku napiga soga. Hisabati? Lipa kwanza, ndugu yangu, ndipo tuongee.

Ugomvi wangu ni alama ya kutoa. Tazama kibodi, pale kando ya sifuri: kuna kistari kimoja. Hicho hicho kinaunganisha maneno, hicho hicho ni deshi, hicho hicho tunaambiwa ni kutoa. Wamarekani walipopanga ASCII, orodha ya namba za herufi za kompyuta, mwaka 1963 walikuwa na nafasi 128 tu za herufi, tarakimu, alama na amri za mitambo, wakabana matumizi: kistari wakakipa namba 45, kifanye kazi zote. Matokeo yake, kwenye karatasi alama ya kujumlisha imejinyoosha vizuri, na kutoa kumefupika kama kaptula ya shule iliyofuliwa kwa maji ya moto.

Na walimu wa hisabati wana macho. "Kaka, hii siyo kutoa, hiki ni kistari." Nakubali, mwalimu. Alama halisi ipo, Unicode, orodha pana zaidi ya herufi na alama, imeipa makazi yake: U+2212, urefu sawa na ya kujumlisha, imekaa katikati. Ila kibodi haina habari nayo. Kwenye Word uandike 2212, ubonyeze Alt na X, ndipo ijitokeze. Rudia hivyo kwa mtihani mzima wa namba hasi, halafu mteja aseme bei yangu ni ya kuruka.

Haya, nikaziweka alama halisi zote. Mwalimu akataka maswali yaleyale kwa maandishi matupu, ayaingize kwenye kompyuta ya shule. Akarudi amefura. Palipokuwa na −5 pamesomeka âˆ’5. Kisa? Kwa UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi za Unicode, alama hiyo huhifadhiwa kwa baiti tatu: E2, 88 na 92. Programu ya kizamani inasoma kila baiti kivyake, inakutolea a yenye kofia, kofia isiyo na a, na apostrofi. Mtoto wa kidato cha pili akokotoe hapo!

Lakini kilichonimaliza ni jedwali la maksi. Mwalimu huyo hukata maksi kwa majibu ya kubahatisha, basi nikaandika −2 kwa alama halisi, kwa heshima zote. Programu ya majedwali, ambayo riziki yake ni kuhesabu, ikazisukuma kushoto mwa kisanduku: eti hayo ni maneno. Kwenye jumla ikaziruka, na wabahatishaji wote wakatoka na maksi nono. Nikaweka kile kistari cha kuokoteza, hesabu ikakaa sawa papo hapo. Hata Python, lugha ya kuandikia programu, ukiiandikia 7 − 5 kwa alama hiyo inakujibu kuwa herufi hiyo si halali. Yaani mwenye cheti anafukuzwa mlangoni, kibarua ndiye anaendesha ofisi!

Kwa hiyo nimebandika bei mpya. Kutoa kwa kusomwa na watu, bei yake. Kutoa kwa kuhesabiwa na mashine, bei yake. Anayetaka alama moja ifanye yote mawili, chaki zipo, aandike ubaoni.