Jinsi ya Kuwa Gwiji wa JavaScript Cyanzarwe

Kwanza, amini kwamba JavaScript ni JavaScript tu. Uliizoea kwenye kivinjari, na sasa ushirika wa viazi wa Cyanzarwe unataka jedwali lake la Google Sheets lihesabu magunia na kuwaandikia wakulima barua pepe. Fungua Apps Script ya jedwali hilo, bandika msimbo wako wa zamani, kunja mikono.

Utaambiwa window haijulikani. Jaribu document, nayo vilevile. Usijiulize msimbo unaendeshwa wapi, maana utagundua uko kwenye seva ya Google, ambako hakuna ukurasa wa kupaka rangi. Tangu 2020 Apps Script inatumia V8, injini ileile ya Chrome, kwa hiyo let na const zinakubalika. Ndiyo maana umedanganyika.

Unataka bei ya viazi kutoka tovuti fulani? Ita fetch. Haipo. Ipo UrlFetchApp, lakini wewe si mtu wa majina marefu. Programu isubiri kidogo? Ng'ang'ania setTimeout, ambayo pia haipo; Utilities.sleep waachie wanaosoma nyaraka.

Ajabu ni kwamba mtu wa Rubavu, wilaya yenye Cyanzarwe, hahitaji mwalimu kwa haya. Anayevuka mpaka wa Petite Barrière kwa jeto, karatasi ya ruhusa, kwenda Goma ni yuleyule aliyeamka Cyanzarwe. Ila karatasi ndiyo inayosema afike wapi. Na karatasi hiyohiyo inamfikisha sokoni. SpreadsheetApp nayo inakufungulia jedwali kwa mstari mmoja, jambo ambalo JavaScript ya kivinjari ingekusumbua kwa vibali hadi uchoke.

Sasa utamu wenyewe. Soma kila seli peke yake, getValue ndani ya kitanzi, safu elfu kadhaa. Kila wito ni safari ya kwenda na kurudi kwenye jedwali, na dakika ya sita ikigonga programu inakatwa, magunia yakiwa nusu. Kuna getValues, inayozoa safu zote kwa mkupuo. Usiiguse: utamaliza mapema na mwenyekiti atakupa kazi nyingine.

Akaunti ya bure inaruhusu wapokeaji 100 wa barua pepe kwa siku. Wakulima wakizidi hapo, waliobaki waambie mtandao ni mbovu.

Umeme ukikatika, tangaza kazi imesimama. Haijasimama: ile uliyoipangia saa inaendelea hukohuko kwenye seva. Ila ukinyamaza, una alasiri nzima ya kunywa ikigage.